Komadre wa Kaunti Nzima

Siku Nicanor Barrientos alipompelekea Herlinda Zamarripa draya tatu za saluni, mitumba, alikwenda akijua kwamba moja ni mbovu. Hakuona kosa. Mfanyabiashara anayetaja ubovu wa mali yake kabla hajaulizwa ni mtawa aliyepotea njia, na Nicanor hakuwa na hamu ya utawa. Draya hizo alizipata San Antonio, kwenye saluni iliyofungwa baada ya mwenyewe kutoroka na fundi redio. Akazipiga rangi ya waridi, akazipakia kwenye lori lake, akashuka nazo hadi Palo Hueco, mjini kwao, kule Texas inakochoka na kuishia kwenye mto wa mpakani.

Herlinda alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mabega ya mbeba magunia, nywele zimemkaa kichwani kama kofia ya askari. Saluni yake ilitazamana na kanisa. Hakuzigusa draya. Alizizunguka mara moja, kisha akavuta kiti.

"Kaa, Don Nicanor."

"Nikae nini tena, Doña Herlinda? Mimi nauza, sikuja kusukwa."

"Kaa chini ya hiyo ya kwanza. Nakulowesha kichwa. Ukikauka, nimenunua."

Wanawake waliokuwa wakingoja zamu waliweka magazeti chini. Nicanor aliweza kubishana na mnunuzi yeyote, lakini si na chumba kizima cha wanawake. Akakaa. Akaloweshwa, na kwa kuwa maji yamekwisha kumwagwa akafungwa na rola, kazi isipotee bure. Draya ya kwanza ikamkausha. Ya pili hali kadhalika. Ya tatu ikanguruma kama ng'ombe mgonjwa, ikamtemea cheche sikioni, ikanyamaza.

"Na hii," Herlinda akasema, "ilikuwa ya marehemu?"

"Inataka waya tu."

"Basi irudi na waya wake."

Nicanor alitoka pale ameuza mbili kwa bei ya moja, ya tatu ameiacha kama nyongeza, na juu ya hayo ameahidi kuja kuitengeneza mwenyewe. Njiani watu walimsalimu kwa uchangamfu asiouzoea. Alipofika nyumbani dada yake, Crispina, akamwambia bado ana rola kisogoni. Aliifungua mbele ya kioo huku akifikiri, na alichofikiri ni hiki: mwanamke yule ama awe upande wake, ama wasikutane tena sokoni.

Kaunti ile wakati huo ilikuwa mali ya Don Wendel Prather. Hakuwa na hati. Alikuwa na ubatizo. Don Wendel alikuwa Mzungu mwenye mashamba ya balungi yasiyoonekana mwisho, Mbaptisti kwa dini, diwani kwa kazi, na Kihispania chake alijifunza kwa kuwakaripia wachumaji. Lakini aligundua mapema jambo ambalo Wazungu wenzake hawakuligundua. Wameksiko wa pale wangeweza kumpigia kura ya hapana tajiri wao, padre wao, hata ndugu wa tumbo moja, lakini kompadre, hapana. Mtu aliyemsimamia mtoto wako ubatizo ni kompadre wako mpaka kaburini. Kompadre hasemwi, hapigwi, na akikuomba jambo mbele za watu hukatai. Utatoa leo, utalia kesho, lakini utatoa. Basi Don Wendel akajifanya baba wa ubatizo wa kila kitoto kilichotoa kichwa katika kaunti, na kila uchaguzi akavuna.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Padre Anselmo, Mhispania mkavu kama kuni, hakutaka Mbaptisti asogee kwenye kisima cha ubatizo.

"Asimame mlangoni," padre alisema. "Mlango hauna madhehebu."

Tena alitakiwa Mkatoliki wa kumshika mtoto, na mke wa Don Wendel hakuwa mtu wa kushika watoto wa wachumaji wakamtemea mate kwenye glavu. Ndipo kila Jumapili ya ubatizo Don Wendel alipokuwa akipunga kofia upande wa saluni: niitieni yule mama wa nywele. Herlinda alikuwa karibu, alikuwa safi, alikuwa na gauni jeusi, na hakuomba kitu. Alimwacha mteja na rangi kichwani, akavuka barabara, akampakata mtoto, akamjibia kwa padre kwamba anamkataa shetani na fahari zake zote, akarudi kabla rangi haijaunguza. Don Wendel mlangoni, kofia kifuani. Baadaye alilipia mbuzi, akamkumbatia baba mtu, wakaanza kuitana kompadre.

Mambo yakaenda hivyo miaka kumi na zaidi. Kila nyumba aliyojipatia kompadre, Don Wendel aliipatia komadre pia, yaani mama wa ubatizo, naye hakuona, kama mtu anayemwagilia bustani ya jirani kwa bomba lake mwenyewe.

Nicanor alijiweka kando na biashara hiyo. Alipoombwa kusimamia mtoto alisingizia mgongo. "Kompadre ni mdai asiye na stakabadhi," alikuwa akisema.

"Ndiyo maana siku ukifa utasindikizwa na matairi," Crispina alimjibu.

Taabu ya Nicanor ilikuwa maji. Yadi yake ya vyuma chakavu ilikuwa Los Bajos, mtaa wa bondeni. Mvua ikinyesha, maji yalitakiwa yashuke hadi mtoni. Lakini njiani kulikuwa na mashamba ya Don Wendel, na Don Wendel alikuwa amejengewa na kaunti lango la chuma kwenye mfereji, ufunguo anao yeye. Mbingu zikifunguka, lango lilifungwa. Mabalungi yakabaki makavu, Los Bajos ikaogelea. Septemba moja maji yalikaa yadini mpaka mota za umeme alizozikusanya Nicanor tangu ujana zikaota kutu kama mkate unavyoota ukungu. Mvua nyingine kama ile, na angerudi kuchuma nyanya katika mashamba ya watu, kazi aliyoikimbia kabla hajaota ndevu.

Alimwendea Don Wendel.

"Barrientos," Don Wendel akatafuta kichwani. "Barrientos. Mimi na wewe tuna mtoto gani?"

"Hatuna mtoto, Don Wendel. Nina yadi."

"Ah. Yadi." Akampa kalenda yenye picha yake, Don Wendel, na mfuko wa mabalungi.

Wiki hiyohiyo akamkuta Herlinda akitoka katika ofisi hiyohiyo na mfuko kama huo. Saluni nayo ilikuwa imeingia maji, wateja wamesimama juu ya viti na rola zao kama kuku wa mnadani.

"Wewe si komadre wake?" Nicanor akauliza. "Amekwambiaje?"

"Amesema, 'Komadre, siasa ni nyama choma. Mwanamume hukaa motoni, mwanamke huleta pilipili.' Halafu akauliza mkewe aje lini kutengenezwa nywele."

"Ukamjibu?"

"Alhamisi."

Wakatembea kidogo. Herlinda akahamisha mfuko mkono wa pili.

"Hivi kiti chake kile kinataka ujuzi gani, Don Nicanor? Kusoma najua. Kukaa najua. Kusikiliza watu wakisema upuuzi kutwa nzima, hiyo ndiyo kazi yangu tangu nizaliwe."

"Hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia. Wa kwetu wakiingia ukumbi ule wa baraza, huingia na ndoo na tambara."

"Basi mlango wanaujua."

Nicanor alipima. Kumsaidia mwanamke kugombea udiwani Palo Hueco kulikuwa sawa na kununua farasi mwenye miguu mitatu kwa sababu ana meno mazuri. Lakini farasi wa Don Wendel hakuwa akiuzwa, na mvua haikuwa ikingoja. Wakapatana palepale barabarani. Yeye angetoa lori na spika, zile za baragumu alizozinunua kwa sarakasi iliyofilisika. Herlinda akishinda, lango lingeng'olewa na mtaro kuchimbwa kutoka Los Bajos hadi mtoni.

"Na ukishindwa?"

"Utakuwa umejitangaza bure kaunti nzima. Lori lako limeandikwa jina lako pande zote nne, unadhani sioni?"

Kampeni ikaanza, na kila mwenye mdomo akapata kazi. Wanaume walimwendea mumewe, Fabián, dereva wa lori la matunda, wakamuuliza kama kweli amemruhusu mkewe. "Nendeni mkamkataze nyinyi," Fabián akasema. "Mimi nalala naye nyumba moja." Wakaja vijana wa vuguvugu kutoka chuo kikuu, wenye ndevu na vitabu, waliokuwa wakitangaza kwamba saa ya Wameksiko kuinuka imefika. Wakampongeza sana. Wakamweleza kwamba saa hiyo inamhitaji mgombea mwanamume, yeye angefaa kuwa katibu. Herlinda akawauliza kama saa hiyo iliwapitia na mama zao au iliwaruka ikawaacha jikoni, kisha akawatuma wakakaze skrubu za viti. Wawili wakakaza. Waliobaki wakaenda kuandika waraka juu ya umoja.

Kampeni yenyewe ilikuwa ndani ya saluni. Mwanamke aliye chini ya draya hana pa kukimbilia. Herlinda aliinama sikioni, akazima mashine, akasema neno lake, akaiwasha tena kabla hajajibiwa. Lakini jibu lilikuwa lilelile kila siku.

"Ningekupa, komadre," mwanamke alisema, "wewe ndiye uliyemshika mwanangu. Ila mume wangu na Don Wendel ni kompadre. Nyumba itakaa vipi?"

Nicanor alisikia hayo kwa Crispina, akaanza kuhesabu hasara. Komadre wa kaunti nzima alikuwa akipambana na kompadre wa kaunti nzima. Mizani imesimama, na mizani ikisimama mwenye duka ndiye anayebaki na mali. Tena minong'ono ilizidi kwamba Herlinda hana haya: komadre gani humwinukia kompadre wake?

Don Wendel aliusikia mnong'ono huo akaupenda. Jumapili kabla ya uchaguzi alifanya karamu yake ya nyama, ng'ombe wawili shimoni tangu jana yake, bia kwenye mapipa ya barafu, muziki wa kodiani. Kaunti yote ilikwenda. Nyama ya adui haina upande. Hata Nicanor alikwenda, akachukua ubavu. Herlinda alikwenda na gauni lake jeusi la ubatizo.

Don Wendel akapanda juu ya kitoroli cha trekta, akaomba kimya, akampungia kofia.

"Mwoneni komadre wangu. Si komadre wa mtoto mmoja, wa watoto wote. Njoo, komadre, usiogope. Sasa nyinyi ndio wenye mila, mimi mgeni tu, nifundisheni. Komadre humpiga kompadre wake?"

Wanaume wakacheka midomo imejaa. "Hampigi," mmoja akajibu. Nicanor aliweka ubavu wake chini. Aliona lori, spika na mafuta yote vikizama.

Herlinda akapanda kitoroli. Akangoja waliokuwa wakitafuna wameze.

"Kweli tupu, kompadre," akasema. "Makompadre hawapigani. Wala mimi sikuja kupigana. Nimekuja kukuomba. Mbele ya watoto wetu na wazazi wao, mimi komadre wako, sijawahi kukuomba hata pini ya nywele. Leo naomba. Niachie kiti."

Kodiani ilikatika katikati. Don Wendel akacheka, akatazama watu wacheke naye. Kwa miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiomba hadharani. Maombi ya wengine yalimfuata ofisini, mlango umefungwa, ambako kukataa hakuna shahidi. Nusu ya mila alikuwa ameijua vizuri sana. Hii nusu nyingine hakuna aliyemwonyesha.

Angeweza kusema, acha tuzungumze, komadre. Angeweza kukohoa. Nicanor, ambaye kikohozi kilimwokoa mara nyingi katika biashara, angekohoa mpaka jioni. Don Wendel akampigapiga begani.

"Hapana, komadre. Hicho hapana. Omba kingine."

"Sina kingine, kompadre. Asante kwa nyama."

Akashuka, akaenda zake. Watu walibaki na sahani mikononi. Bibi mmoja aliifunika nyama yake kwa kitambaa, akaiacha mezani, na kwa Palo Hueco kuacha nyama ya bure ni jambo la kutia hofu. "Amemnyima komadre," watu wakawa wanasema wakirudi magarini, sauti ya chini kama wanaotoka msibani. "Amemnyima, na sisi tunaona."

Kuanzia kesho yake kila mwanamume akawa mwanachuoni wa dini. Walifuatana kwa Padre Anselmo mmoja mmoja.

"Padre, eti Don Wendel ni kompadre wangu kweli, au ni hivi hivi?"

"Alisimama mlangoni," padre akasema. "Nilikwambia siku ile ile."

"Mbona sikusikia?"

"Ulikuwa unauliza kama mbuzi kaiva."

Hivyo wakajikuta huru, si kwa ushujaa bali kwa sheria za kanisa, na hakuna uhuru mtamu kama ule unaopatikana bila kuamka mapema. Herlinda alishinda kwa tofauti ndogo, ambayo watu wa Don Wendel waliihesabu upya mpaka vidole vikawauma. Vijana wa vuguvugu walikuja kushangilia, wakaeleza magazetini jinsi walivyomwandaa.

Siku ya kuapishwa, karani wa baraza alimwambia mlango wa wafanya usafi uko nyuma. Herlinda akamwuliza madirisha yale yameoshwa lini mara ya mwisho, akapita mbele.

Lango liling'olewa kabla mwaka haujaisha. Kisha wapimaji wakafika Los Bajos, na asubuhi moja Nicanor akatoka na kahawa yake akakuta vijiti vyekundu vimeota yadini. Akaenda ofisini na kikombe bado mkononi. Nje, benchi lilikuwa limejaa makompadre wenye kofia magotini.

"Doña Herlinda, mtaro wako unakata yadi yangu."

"Unachukua upande wa barabara tu."

"Upande wa barabara ndio yadi! Huko nyuma ni kichaka. Nani ataona vyuma vyangu kichakani?"

"Mpimaji ametafuta kwingine kote."

"Zungusheni kwa jirani."

"Kwa jirani ni kilima. Maji hayatapanda kilima kwa kuwa Nicanor alitoa lori."

"Nilitoa na spika."

"Na mimi nikatoa mtaro. Tulipatana nini kingine?"

Nicanor akarudi nyuma kimawazo hadi barabarani siku ile, kila mmoja na mfuko wake wa mabalungi. Walipatana lango na mtaro. Mtaro upite wapi, hakuuliza. Katika maisha yake hakuwahi kununua hata bawaba bila kuuliza itakaa mlango gani, na hili hakuliuliza.

"Ningekuwa kompadre wako," akasema kwa uchungu, "usingenifanyia hivi."

"Makompadre hao hapo nje. Kila mmoja anataka mwanawe aendeshe greda. Kaunti ina greda moja. Nikiwapa wote itakuwa basi la abiria." Akashusha sauti. "Wao nawanyima kutwa nzima, na kila ninayemnyima anakwenda kuwaambia kumi. Mimi na wewe angalau hatuna ujamaa. Keti tupatane kama watu."

Akaketi. Walipatana mpaka kahawa ikawa baridi. Nicanor aliomba mtaro uhame, akanyimwa. Akaomba udongo utakaochimbwa ujazwe yadini kuinua ardhi, akapewa. Akaomba daraja la upana wa lori. Akapewa la upana wa lori dogo, akabisha, akapewa la lori. Akaomba lango la chuma liwe lake.

"Lango ni mali ya kaunti."

"Kaunti italiweka wapi?"

Herlinda akafikiri. "Ulibebe mwenyewe."

Alilibeba, akalikata, akaliuza vipande vipande. Don Wendel alinunua vipande viwili kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye mabalungi, yale yaliyokuwa hayajaoza mizizi. Nicanor hakumpunguzia.

Herlinda alikaa kitini mihula miwili. Alichimba mitaro, akaweka makaravati, akafikisha taa Los Bajos, na kila alipofanya moja aliwanyima watu kumi kazi ya ndugu zao. Wanawake ambao watoto wao hawakupata greda hawakutaka tena vidole vyake vichwani mwao. Walihamia saluni nyingine ng'ambo ya reli, na ya kwake ikafungwa. Muhula wa tatu alishindwa na kijana mmoja wa vuguvugu, ndevu amekwisha kunyoa, aliyeahidi greda ya pili na kujiita sauti ya akina mama. Miaka kadhaa baadaye walelewale waliomwangusha walichanga hotuba, wakalipa daraja lile la mtaro jina lake: mwanamke wa kwanza wa jamii yetu kukalia kiti hicho. Don Wendel, mzee sasa, alikaa safu ya mbele. Akamwita komadre. Naye, kwa kuwa watu walikuwa wakitazama, akampa mkono.

Nicanor alipoteza upande wa barabara, na wateja wa kupita waliompa nusu ya mauzo yake. Alilazimika kununua ubao mkubwa wa kuwaelekeza watu kichakani. Lakini Septemba moja mvua kubwa ziliponyesha tena, maji yalipita mtaroni yakaenda zake, mota zikabaki kavu, na hakurudi kwenye nyanya.

Alimpita Herlinda baada ya sherehe ya daraja, amesimama peke yake kivulini na kipande cha keki ya kaunti.

"Haya, ukipiga hesabu," akamwambia, "umefanya biashara nzuri?"

Herlinda akautazama mtaro, kisha wale wenye hotuba.

"Kama wewe ndiye ungekuwa unaniuzia," akasema, "ningeomba punguzo."